Imani ya Mama Katika Kazi za Kila Siku

SOMO LA 6

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mwanzo 21:8–21, Kutoka 2:1–10, 2 Wafalme 4:1–7, Matendo 16:1–3, 2 Timotheo 1:5, 3:14, 15, Luka 7:11–17.

Fungu la kukariri: 2 Timotheo 1:5. Lisome katika Biblia yako kila asubuhi juma hili, pamoja na watoto wa nyumbani, mpaka walijue kwa moyo.

Wazee wa Kimakonde husimulia kwamba hapo kale palikuwa na mtu aliyeishi peke yake porini. Siku moja alichonga sanamu ya mwanamke kwa mti, akaisimamisha, na kulipokucha akakuta imekuwa mwanamke aliye hai. Wakaenda kukaa karibu na mto, na huko mama akazaa mtoto aliyekufa. Wakahamia mahali pa juu zaidi. Mtoto wa pili naye akafa. Ndipo wakapanda hadi juu kabisa ya uwanda, na mtoto wa tatu akaishi. Tangu hapo, husema wazee, Wamakonde hukaa juu, mbali na mito.

Hiyo ni hadithi ya watu, wala si Maandiko. Maandiko yanafundisha kwamba mwanamke wa kwanza aliumbwa kwa mkono wa Mungu mwenyewe (Mwanzo 2:22). Hata hivyo, watu wanaoeleza asili yao kwa kumtaja mama aliyezika watoto wawili kabla ya kumpakata wa tatu wanajua gharama ya kuwa mama. Tena gharama ya kukaa juu iliwaangukia akina mama hasa, kwa maana watu walipopanda, maji yalibaki chini.

Juma hili atafikiriwa mama mmoja wa nchi hiyo, kati ya Masasi na Newala. Hana jina, lakini wengi watamtambua. Ana watoto wanne, mikorosho michache, shamba la mihogo, na kundi dogo la waumini anaokutana nao kila Sabato. Anajiuliza swali ambalo mama wengi huliuliza kimoyomoyo: je, katika maji, kuni, jiko na homa za watoto, ipo nafasi ya kumtumikia Mungu? Biblia inajibu kwa kuwataja akina mama, mmoja baada ya mwingine.

*Jifunze somo la juma hili kujiandaa kwa ajili ya Sabato ijayo.*

JUMAPILI

Kiriba Kilipokwisha Maji

Mji wa Newala uko ukingoni mwa uwanda. Ukisimama pale unaliona bonde la Ruvuma likienea hadi Msumbiji. Udongo wa juu ni wa kichanga. Mvua ikinyesha, maji huzama upesi, na chemchemi hutokea chini kwenye miteremko. Mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, aliandika jinsi wanawake walivyoteremka mbali kuteka maji na kupanda nayo tena. Mradi wa maji wa Makonde ulianza katika miaka ya 1950, na watu wengi huvuna maji ya mvua kutoka kwenye mabati. Lakini hata leo mashine ikiharibika au kiangazi kikizidi, mama ndiye anayeamka kabla ya jogoo kutafuta ndoo ya kwanza.

Soma Mwanzo 21:8–21. Hajiri alifanya nini maji yalipokwisha? Mungu alimjibu kwa njia gani?

Hajiri alikuwa mtumwa na mgeni, na sasa amefukuzwa pamoja na mwanawe. Alipewa mkate na kiriba cha maji, na kiriba kikaisha katika jangwa la Beer-sheba. Akamlaza kijana chini ya kichaka, akaenda kuketi mbali kidogo ili asimwone akifa. Hakuwa na maombi marefu, alilia tu.

Angalia mambo mawili. Kwanza, Mungu alisikia sauti ya kijana pale pale alipokuwa. Hajiri hakuambiwa arudi kwanza hemani kwa Ibrahimu ndipo asikilizwe. Pili, Mungu alimfumbua macho akaona kisima. Fungu halisemi kwamba kisima kilichimbwa wakati huo. Linasema kwamba aliona. Machozi na hofu vinaweza kumzuia mtu asione msaada ulio karibu.

Miaka mingi kabla ya hapo, penye chemchemi nyingine, Hajiri alikuwa amempa Mungu jina, akimwita Mungu anayemwona (Mwanzo 16:13). Katika Kitabu cha Mwanzo, huyu mjakazi ndiye anayempa Mungu jina la namna hiyo. Basi mama anayeteremka bondeni gizani, wakati wengine wamelala, hayuko peke yake njiani. Yupo anayemwona.

Ni msaada gani ulio karibu nawe ambao hofu imekuzuia usiuone? Nani katika kundi lako anaweza kuwa kisima kwa mama aliyechoka?

JUMATATU

Mtoto wa Nyumba ya Watumwa

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliondoka Unguja akiwa na kundi la wanaume na wanawake waliokombolewa utumwani. Alikusudia kuwapeleka kuelekea Ziwa Nyasa, ambako wengi wao walitoka. Walipofika kwenye milima ya mawe ya Masasi, wakaishia hapo na kujenga kijiji. Waliokuwa wamehesabiwa kama mali sasa walilima mashamba yao wenyewe. Amani haikudumu: mwaka 1882 wapiganaji wa Kingoni walikivamia kijiji, wengine wakachukuliwa mateka, na kazi ya misheni ikahamia Newala kwa muda. Mama aliyekwisha kuonja utumwa alijua kwamba mtoto anaweza kunyakuliwa wakati wowote.

Soma Kutoka 1:22, 2:1–10. Taja kila hatua aliyochukua mama yake Musa. Ni hatua ipi iliyomgharimu zaidi?

Jokebedi (jina lake liko katika Kutoka 6:20) aliishi chini ya amri ya kifo. Alimficha mtoto miezi mitatu. Alipoona hawezi tena, hakukaa akingoja muujiza huku amekunja mikono. Alichukua manyasi, akasuka, akapaka lami ili maji yasiingie. Hii ni kazi ya mikono, kazi ya nyumbani, ya aina anayoifanya mama anayesuka ukili barazani. Lakini Waebrania 11:23 inaihesabu kuwa imani. Wazazi wa Musa walimficha kwa imani, wala amri ya mfalme haikuwatisha.

Kisha akakiachilia kisafina majani kando ya mto. Hapo ndipo akili na nguvu za mama zinapofika mwisho, na mkono wa Mungu kuchukua nafasi. Binti Farao alimrudishia mtoto wake mwenyewe amnyonyeshe, tena kwa mshahara. Biblia haisemi alikaa naye miaka mingapi. Inaonyesha tu matokeo: mtu aliyelelewa katika jumba la kifalme hakusahau kwamba watumwa ni ndugu zake (Kutoka 2:11, Waebrania 11:24, 25). Fundisho hilo halikutoka shuleni Misri. Lilianzia kwenye kibanda cha mtumwa, kati ya kunyonya na kulala.

Mama anao muda mfupi na mtoto wake. Shule itamchukua, jando litamwita, mji wa Mtwara au Dar es Salaam utamvuta. Swali si kama atakwenda, bali atakwenda amebeba nini.

Ni jambo gani moja kumhusu Mungu ambalo ungetaka mtoto wako alijue kabla hajatoka mkononi mwako? Unamfundisha lini?

JUMANNE

Una Nini Nyumbani?

Soma 2 Wafalme 4:1–7. Mjane huyu alikuwa na deni la nani, na hatari gani iliwakabili wanawe?

Mume wake alikuwa mcha Mungu, mmoja wa wana wa manabii, lakini alikufa akaacha deni. Mwenye kumdai alikuwa njiani kuwachukua watoto wawili wawe watumwa. Kumcha Mungu hakukuiondolea nyumba hii shida ya fedha.

Mama wa Newala anaielewa habari hii. Mikorosho huzaa mara moja kwa mwaka, na fedha za mauzo huja baada ya miezi mingi ya kulima na kupulizia salfa. Katikati ya njaa huja mtu wa kangomba, akitoa fedha kidogo leo kwa korosho ambazo bado ziko mtini, apate nyingi kesho. Mwaka 2016 ada ilifutwa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, lakini sare, madaftari na viatu bado vinadaiwa nyumbani.

Tena ipo njia nyingine ya kupata fedha, iliyo karibu zaidi. Korosho zikishaondolewa, mabibo hubaki chini ya mti, mengi na ya bure. Ukiyakamua na kuyaacha yachache, unapata uraka. Ukizidi kuipika, unapata gongo. Wanunuzi hawakosekani. Jirani anamwambia mama yetu, "Wewe unatupa fedha. Watoto wako wanakwenda peku, na mabibo yanaoza." Mama hana jibu la haraka. Anajua jirani hamchukii. Pia anajua mume wa jirani huyo amelala mara ngapi njiani, na watoto wake wamelala mara ngapi bila kula. Anasoma Habakuki 2:15 na kuona kwamba hawezi kumwekea mtu mwingine kikombe kile.

Elisha hakumpa mjane hotuba. Alimuuliza ana nini nyumbani. Chupa moja ya mafuta, basi. Akaambiwa aazime vyombo kwa majirani, tena si vichache, ajifungie ndani pamoja na wanawe, amimine. Fungu la 5 linasema watoto ndio waliomletea vyombo. Waliona kwa macho yao mafuta yakiendelea kutoka. Hawakuhitaji kuhadithiwa kwamba Mungu wa mama yao ni hai.

Angalia pia kwamba majirani waliazima vyombo. Muujiza ulipita katika vyombo vya watu wengine. Kanisa linalomwambia mama asipike pombe, kisha lisimsaidie kutafuta chupa yake ya mafuta, limemaliza nusu tu ya kazi. Pengine chupa hiyo ni mashine ya cherehani, kuku wachache, bustani ya mchicha, au mkopo mdogo usio na riba kutoka kwa akina Dorkasi.

Kundi lako limewahi kumshauri mama aache kipato kisichofaa? Lilimwazima "vyombo" gani?

JUMATANO

Nyumba Isiyo ya Imani Moja

Soma Matendo 16:1–3, 2 Timotheo 1:5, 3:14, 15. Familia ya Timotheo ilikuwaje? Alijifunza Maandiko tangu lini?

Mama wa Timotheo alikuwa Myahudi aliyeamini. Baba alikuwa Myunani. Kijana alifika ukubwani bila kutahiriwa, jambo linaloonyesha kwamba katika nyumba hiyo Eunike hakuwa na neno la mwisho katika kila jambo. Hata hivyo, kwa kile alichoweza, alifanya. Yeye na Loisi, mama yake, walimpa mtoto Maandiko tangu utoto. Paulo alipokuwa kifungoni akingoja kufa, alikumbuka imani ya wanawake hao wawili na akawataja kwa majina.

Katika uwanda wa Makonde, mtoto kwa desturi huhesabiwa upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa. Katika ukoo mmoja unaweza kukuta Mwislamu, Mwanglikana, Mkatoliki na Mwadventista wakila sahani moja. Wakati wa jando na unyago unapofika, swali huwa zito. Binti wa mama yetu amekua, mjomba amekuja na kusema, "Dada, mtoto huyu ni wa ukoo. Asipochezwa, nani atamheshimu?"

Swali hili si jipya. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, alijulikana kwa kulipa jando sura ya Kikristo, akiondoa aliyoona hayafai na kuweka sala mahali pake. Wengine walimsifu, wengine walimpinga, na upande wa unyago ulikuwa mgumu zaidi. Kila kizazi cha Wakristo wa nchi hii kimelazimika kupambanua upya.

Yapo mambo mema katika mafundisho ya wazee: heshima, usafi, kazi, kuwatunza wakubwa. Yapo pia yasiyopatana na Neno la Mungu, kama matambiko kwa mizimu na kumwandaa msichana kwa mambo ya ndoa kabla ya wakati wake. Mama mwamini hamtukani kaka yake. Anamkaribisha, anampa kiti na chakula, kisha anasema kwa upole, "Shikamoo kaka. Mtoto ni wetu sote, nami sikatai afundwe. Lakini aliyemuumba ndiye mwenye neno la kwanza juu ya mwili wake." Anaweza kuomba akina mama wa kanisa wamfunde binti kwa siri na heshima, kwa Biblia, ili asikose kile ambacho mjomba anakiogopea.

Pengine mjomba ataondoka amenuna. Eunike naye hakuishi na watu waliokubaliana naye katika yote, na mji wao, Listra, ndio uliompiga Paulo kwa mawe (Matendo 14:19). Imani isiyo ya unafiki hukua hata katika udongo wa namna hiyo.

Unawezaje kukataa desturi bila kuwakataa ndugu? Toa mfano kutoka kwa familia yako au kanisa lako.

ALHAMISI

Mama Anapolia

Soma Luka 7:11–17. Yesu aliona nini kwanza? Fungu la 15 linasema alimfanyia nini kijana baada ya kumfufua?

Hadithi ya Wamakonde inaanza na watoto wawili waliokufa. Kwa mama wengi jambo hilo si hadithi. Mtoto alikuwa na homa jioni, na alfajiri hakuwapo. Watu wanajaa uani. Wapo wanaoketi kimya na mfiwa, na hao ni baraka. Wapo pia wanaonong'ona: nani amemroga? Mwingine anashauri aende kwa mganga akaulize, au tambiko lifanyike ili marehemu atulie.

Mama anayejua Maandiko anao usalama hapa. Wafu hawajui neno lolote (Mhubiri 9:5). Yesu alikiita kifo usingizi (Yohana 11:11). Mtoto wake hatangitangi usiku, hana kinyongo, hahitaji kutulizwa. Amelala, naye atamsikia Bwana atakapoita (1 Wathesalonike 4:13–18). Fundisho hili humwepusha mama na gharama za mganga na chuki juu ya jirani.

Lakini kujua mafundisho hakuondoi machozi. Naomi, aliyezika mume na wana wawili, alisema wazi kwamba maisha yake yamekuwa machungu (Ruthu 1:20, 21), na Mungu hakumkemea. Ellen G. White alizaa wana wanne na kuzika wawili: John Herbert, aliyekufa Desemba 1860 akiwa na miezi michache, na Henry, aliyekufa Desemba 1863 akiwa na miaka 16. Maneno yake mengi ya faraja kwa wazazi yaliandikwa na mama aliyekwisha kusimama kaburini.

Kule Naini, Yesu alimwona mama kwanza. Alimhurumia kabla hajaombwa lolote. Akaligusa jeneza, kijana akaketi, na Luka anaongeza neno dogo lenye uzito: akampa mama yake. Siku ya ufufuo itakuwa hivyo. Bwana hatawafufua tu watoto. Atawarudisha mikononi mwa mama zao.

Kuna mama katika kundi lako aliyefiwa na mtoto, hata kama ni miaka mingi iliyopita? Mara ya mwisho ni lini mtu alimtaja mtoto huyo kwa jina mbele yake?

IJUMAA

Jambo la kutafakari zaidi: Soma Kutoka 16:22–30 na Luka 23:54–56.

Leo ni siku ya maandalio. Kule kwenye uwanda mama yetu ameanza mapema kuliko siku nyingine, kwa maana maji ya siku mbili lazima yafike kabla jua halijatua. Ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mihogo imemenywa, sare zimefuliwa na kuanikwa. Ni msimu wa korosho, na zilizoanguka zimeokotwa. Zitakazoanguka kesho zitangoja Jumapili, ingawa jirani anasema zitaibwa. Binti yake mkubwa anamsaidia kubeba. Mdogo yuko mgongoni, amelala ndani ya kanga.

Jua linapozama upande wa Masasi, anatua ndoo ya mwisho, ananawa, anawaita watoto mkekani. Hana kitabu ila Biblia moja iliyochanika jalada. Wa tatu anakosea fungu la kukariri na wenzake wanamcheka. Mama anamwambia arudie. Mjomba, aliyekuja kwa shauri lake na kuchelewa kuondoka, ameketi kando barazani. Hasemi kitu. Anasikiliza.

Hajiri alionwa penye kiu. Jokebedi alihesabiwa imani katika kusuka. Mjane aliokolewa kwa chupa iliyokuwa nyumbani, Eunike alimpa mtoto Maandiko katika nyumba ya imani mbili, na mama wa Naini alikutana na Yesu njiani kwenda makaburini. Hakuna hata mmoja aliyetakiwa kuacha kuwa mama kwanza ndipo Mungu amtumie.

Maswali ya kujadili:

1. Darasani, kila mtu amtaje mama, bibi au mlezi aliyemfundisha kuomba. Alimfundisha kwa maneno gani, na kwa matendo gani?

2. Akina mama wengi hufika kanisani Sabato wakiwa wamechoka kuliko wengine kwa sababu ya kazi za Ijumaa. Akina baba na vijana wa kiume wafanye nini ili Sabato iwe pumziko kwa nyumba nzima? Linganisha Kutoka 20:10.

3. Jadilini habari ya uraka. Mtawajibuje vijana wanaosema kwamba anayeuza hana hatia, mwenye hatia ni anayekunywa?

4. Kundi lenu lina mpango gani wa kuwafunda wasichana na wavulana wanapopevuka? Kama hakuna, nani aanze, na lini?

5. Mwanamke asiyejaliwa kuzaa anaweza kuumia anaposikia somo kama hili. Ukisoma Isaya 54:1 na Warumi 16:13, ambapo Paulo anamtaja mama wa Rufo kuwa mama yake pia, utasema nini ili naye apate sehemu yake?